Boksi la Chooni na Tepe Yangu ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeteuliwa! Mkuu wa kambi ameniita, akasema zahanati yetu haina wateja. Vijana wanaogopa kupima VVU, wanaona haya kuulizia kondomu, na magonjwa ya zinaa wanayatibu kwa uvumi. Mimi, koplo wa stoo, ndiye mhamasishaji mkuu. Wakija kwa wingi napata tepe ya tatu, nakuwa sajini. Koplo wa jikoni, tunayemwita Mwiko, kasikia, kacheka mpaka kashikilia meza. Wivu huo.

Kuna jambo moja dogo. Tangu turudi kutoka mazoezi ya mpakani, nikikojoa nawaka moto. Nadhani ni maji ya kule. Kulikuwa pia na mhudumu wa baa, lakini nadhani ni maji. Mke wangu anakuja Jumamosi kunitembelea. Siwezi kukaa kwenye lile benchi la zahanati: linatazamana na uwanja wa gwaride, ukilikalia asubuhi, mchana kambi nzima imeshakuzika. Mpango: nipeleke platuni nzima, nami nijichanganye humo humo. Akili ni mali!

Jumanne, 4 Machi

Nimeipanga platuni mbele ya zahanati, nami nikasimama mstari wa mbele kwa mfano bora. Nikapaza sauti: wenye dalili, hatua moja mbele, tembea! Kisha platuni nzima ikapiga hatua moja nyuma. Kwa pamoja, kisigino kimoja! Sijawahi kuona gwaride safi vile.

Nikabaki mbele peke yangu. Muuguzi mpya, Sista, akatokeza mlangoni, akasema karibu ndani, afande. Nikamjibu kwamba nakagua buti.

Jumatano, 5 Machi

Sista halijui jeshi. Badala ya kuwaamuru vijana, amewauliza wanataka nini. Kuwauliza! Wakamwambia: benchi liondolewe, utumike mlango wa nyuma, zahanati ifunguliwe jioni baada ya kazi, na anayeingia asiulizwe shida yake mbele za watu. Wakaulizia na vile vidonge vya kujikinga na VVU kabla ya kukutana na hatari.

Tena wanataka kondomu zitoke stoo kwangu, ziwekwe chooni. Eti kwangu wanaona haya. Haya ya nini? Mimi nafuata utaratibu wa stoo: unasaini, unaeleza matumizi, na zilizobaki unazirudisha Jumatatu zikiwa safi. Mali ya serikali ni mali ya serikali!

Alhamisi, 6 Machi

Boksi la kondomu aliloliweka Sista chooni jana lilikuwa limejaa, leo tupu. Wizi! Nimeripoti kwa polisi jeshi na kuomba mabegi ya askari yapekuliwe. Sista kaja mbio, kawaeleza kwamba zimewekwa pale ili zichukuliwe. Polisi jeshi wakanitazama kwa huruma. Mwiko kaitangaza habari hiyo wakati wa kugawa chakula.

Baadaye nimemwambia Sista kwamba nina rafiki anayewaka moto, nikaomba vidonge nimpelekee. Kakataa. Rafiki aje mwenyewe apimwe, na asimguse mkewe kwanza. Kisha akanitazama sana, akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sipendi methali saa za kazi. Lakini nimerudi chumbani na hofu, hofu ya kweli. Keshokutwa mke wangu yuko hapa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamua. Jioni nikapita nyuma ya jiko, kofia machoni, nikausukuma ule mlango wa nyuma. Lahaula! Platuni yangu nzima imekaa humo inapiga soga, Mwiko mbele kabisa. Kumbe wakati wa kugawa chakula aliwaambia tu kwamba yeye ameshapima na hakufa, basi twendeni.

Waliponiona wakasimama mguu sawa. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Sista akakionyesha kwa mkono. Nikasema nimekuja kukagua. Nikakagua. Nikausifu usafi wa sakafu, nikaondoka nikiwaka moto vilevile.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu amefika na kikapu na tabasamu. Langoni wamemwambia mumewe ndiye mkuu wa kampeni. Kaona fahari, anataka tukapime pamoja, sasa hivi, hata maji hajanywa. Nikasema Jumamosi zahanati hufungwa. Ilikuwa wazi. Ni mimi niliyeshauri ifunguliwe Jumamosi, ili ripoti ipendeze.

Tumepimwa. VVU hatuna, kwa leo. Tutarudia baada ya miezi mitatu. Mimi nina kisonono. Nimechomwa sindano. Mke wangu mzima, kwa kuwa hatujaonana tangu kabla ya mpakani. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu nilikusudia kumwambia lini: kabla, au baada? Nimeona aibu, aibu tupu. Yeye analala nyumba ya wageni, na mlango kautia komeo.

Jumatano, 12 Machi

Tepe imekwenda kwa Mwiko, eti ndiye aliyewaleta vijana, na kampeni kapewa yeye. Sajini Mwiko! Mke wangu bado yupo. Kasema atanisamehe taratibu, kwa masharti: kondomu mpaka tupime tena, na nikazichukue mwenyewe. Chooni? Platuni ikinitazama? Nikaandika ushauri wa kitaalamu: boksi lirudishwe stoo, ufunguo nikae nao mimi.

Ushauri umepelekwa kwa Sajini Mwiko. Hakukawia. Mchana kweupe askari wawili wameuvuka uwanja wa gwaride kwa mwendo wa pole, boksi zima begani, mpaka mlangoni kwangu. Platuni ikapiga saluti. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini, kicheko cha kwanza tangu Jumamosi. Nikakasirika, kisha nikafurahi, kisha nikakasirika tena.

Sasa naifikiria ile miezi mitatu, siku ya kurudia kupima. Mlango wa nyuma una foleni kila jioni. Lakini zahanati ina dirisha dogo upande wa tangi la maji. Nimelipima kwa mkanda wangu. Nikijipaka sabuni mabegani, napita. Mke wangu itabidi anisukume.