Dawa ya Kuwasha

Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Sawa, lakini wahenga hawakuwahi kulala katika gesti ile ya nyuma ya stendi. Pale upele ulimwota kila mtu, mwenye kucha na asiye nazo: madereva, mwuza mashuka, hata mhubiri aliyelala siku moja tu akaondoka anajikuna mgongo kwa mpini wa mwavuli.

Profesa aliuona asubuhi, akiwa amekaa ukumbini na kikombe cha chai ambacho hakuwa na nia ya kukilipia. Wageni walikuwa kwenye foleni ya bafuni, taulo mabegani, kila mmoja na shughuli yake. Huyu anakuna mbavu, yule kati ya vidole, na mbeba mizigo mmoja, pande la mtu, alikuwa anajisugua kwenye fremu ya mlango huku amefumba macho kwa raha. Mtu mwenye akili zake angehama. Profesa akaagiza chai ya pili.

Niseme mapema kwamba huyu Profesa hakuwa profesa wa chochote. Chuo kikuu alikijua kwa sababu aliwahi kuuza nafasi za kusoma huko. Ila ulimi, jamani! Angeweza kumuuzia kipofu kioo, na kesho yake kipofu akarudi kuulizia kikubwa zaidi. Na pamoja na ulimi wote huo, mvi zilikuwa zimeshaingia kichwani na hajawahi kuwa na mlango wake. Alilala kwa shemeji, akalala kwa rafiki, akalala kwa rafiki wa shemeji, mpaka wote wakamchoka. Kitu alichokitaka kuliko vyote, akakitaka mpaka kinamuuma, kilikuwa ni mlango wa kwake na ufunguo wa kwake.

Kwenye kaunta alisimama mama mmoja mnene, bunda la funguo kiunoni, ambaye kila aliyepita alimwita Mama Gesti.

"Mama Gesti, shikamoo. Hawa wageni wamepatwa na nini?"

"Marahaba. Niache tu, mwanangu. Upele. Unaondoka, unarudi. Unaondoka, unarudi. Utadhani mume wangu wa kwanza."

"Hospitali je?"

"Nesi alikuja. Kasema mashuka yote yachemshwe, magodoro yaanikwe, na watu wote wapakwe dawa siku moja, hata asiyewashwa. Siku moja! Nani atawakamata hawa?"

Ushauri wa nesi ulikuwa sahihi, lakini ulikuwa wa bure, na hapo ndipo ulipoharibikiwa. Binadamu ukimpa kitu bure anakitazama kama kimeoza. Profesa alilijua hilo vizuri, akasogeza kiti na kuanza kueleza habari za dawa aliyoifanyia utafiti nje. Nje ya wapi hakusema.

Dawa yenyewe ilikuwa mafuta ya mgando, kafuri kidogo na pilipili kichaa iliyotwangwa. Pilipili ilikuwa na kazi yake, maana mgonjwa haiamini dawa isiyomsumbua. Aliipakia kwenye vikopo vya dawa ya viatu alivyoviokota na kuviosha, vingi vyao vizuri tu, na juu ya kila kimoja akaandika kwa herufi kubwa: DAWA YA KUWASHA.

Ikauzika, tena sana. Upele ule ulikuwa na tabia ya kupumzika wenyewe. Ukipumzika, Profesa anasifiwa. Ukirudi, mtu anajilaumu kwamba alipaka kidogo, anakuja kununua kopo jingine.

"Ugonjwa unaopona ni hasara," alimwambia Mama Gesti walipokuwa wanagawana mapato. "Unaoua ni hasara zaidi. Lakini unaorudi, mama yangu, huo ni mshahara."

Mama Gesti alicheka mpaka funguo zikalia kiunoni. Na kila funguo zilipolia, Profesa alizitazama.

Mjanja hashibi, huo ndio ugonjwa wake yeye. Siku moja alikuja ameinamisha kichwa, kofia mkononi, uso wa msibani.

"Mama, nimeongea na bwana afya. Upele hauko kwa watu. Uko ukutani."

"Ukutani?"

"Umeingia kwenye plasta. Nyumba yenyewe ina upele. Wanakuja kuifunga, na atakayekutwa na funguo, huyo ndiye atakayelala ndani."

Mama Gesti akashika kifua. "Mungu wangu! Na presha yangu hii?"

"Ningekuwa wewe ningeondoka leo. Mimi sina mke wala mtoto. Niachie mimi nibebe lawama."

"Uteseke kwa ajili yangu, mwanangu?"

"Nitateseka tu, mama." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa figo.

Mama wa watu akajifuta machozi. "Basi nipe chochote ulicho nacho, nami nikuachie funguo."

Chochote alichokuwa nacho kilikuwa ni faida yote ya vikopo, na Profesa aliitoa mpaka senti ya mwisho. Akatoa na saa ya mkononi, kwa sababu mama aliitazama kwa majonzi sana. Mchana huo mwanawe mkubwa alikuja na lori, wakapakia vyombo, wakaondoka. Profesa aliwapungia mkono na karibu aone huruma.

Kisha akaingia ndani, akafungua na kufunga kila mlango, bila sababu yoyote, kusikia tu kitasa kikiitika. Alikuwa anaimba.

Furaha hiyo ilimponza. Siku ile ile alipika dawa nyingine huku mkono mwepesi kwa raha, na pilipili ikazidi. Kesho yake asubuhi mbeba mizigo alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni, akaona ajipake mwili mzima, hata mahali ambapo nesi mwenyewe angeomba ruhusa. Ukweni hakufika. Alirudi mbio, kifua wazi, na nyuma yake kundi zima la wateja.

"Profesa yuko wapi? Leo namvunja!"

"Ndugu zangu, taratibu. Kuna nini?"

"Dawa yako inawasha!"

Profesa akanyanyua kopo juu. "Nani anajua kusoma hapa?"

"Dawa ya kuwasha," mwuza mashuka akasoma.

"Imewasha, haijawasha?"

"Imewasha!"

"Sasa kosa langu lipi?"

"Dawa ya kuwasha ni ya kuondoa kuwasha!" mbeba mizigo alinguruma, anarukaruka mguu huu na huu.

"Nani kakwambia? Dawa ya usingizi inaondoa usingizi? Inauleta! Dawa ya viatu inaondoa viatu? Mimi nimeandika kilichomo. Aliyetaka dawa ya kuondoa mwasho angeiulizia hiyo. Kiswahili mnakijua, au mnakisema tu?"

"Na dawa ya mbu je?" sauti ikauliza.

"Mbu wana kesi yao."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akafuata. Mbeba mizigo akashusha ngumi apate kufikiri. Profesa angekuwa ameshapona pale pale kama angenyamaza, lakini tangu lini ulimi wake ukajua kunyamaza?

"Tena sitaki kelele kwenye gesti yangu. Tangu jana hapa ni kwangu. Nimenunua kwa Mama Gesti mwenyewe."

Nyuma ya kundi alikuwepo mzee mmoja mwenye mkoba kwapani, ambaye alikuwa amecheka kuliko wote. Akaacha kucheka.

"Umenunua nini?"

"Gesti, mzee wangu. Kwa mwenye gesti."

"Mwenye gesti ni mimi. Nakuja kila mwisho wa mwezi. Yule mama ni mfagizi wangu."

"Haiwezekani! Kila mtu anamwita Mama Gesti!"

"Ulitaka tumwiteje? Uchungu ulimshika akipiga deki humu ndani, akajifungulia hapa hapa. Mtoto tukamwita Gesti. Siku hizi anaendesha lori. Mama Gesti ni mama yake Gesti."

Profesa alirudia kichwani mazungumzo yote, neno kwa neno, akitafuta uongo wa yule mama. Haukuwepo. Alisema ataacha funguo, na funguo kaziacha.

"Profesa," mwuza mashuka akamuuliza kwa upole, "Kiswahili unakijua, au unakisema tu?"

Hapo watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mbeba mizigo peke yake hakucheka. Akakunja tena ngumi, lakini mzee akamzuia.

"Usimuumize, nimebaki bila mfagizi. Chagua, bwana Profesa. Mkono wa huyu, au mashuka."

Alichagua mashuka. Akayachemsha kwenye pipa uani, moshi wote wa kuni ukimwingia machoni, akayaburuta magodoro juani moja baada ya jingine. Nesi akaitwa, akawapaka dawa wote siku moja, hata wasiowashwa, na hakuna aliyekimbia maana mbeba mizigo alisimama mlangoni. Upele ukaondoka. Watu wakausubiri urudi, kwa mazoea tu. Haukurudi. Basi Profesa akawa ameponya watu kweli, tena bila malipo, na jambo hilo lilimkera vibaya sana.

Mzee aliridhika. "Kazi umeifanya. Sema unataka nini."

"Chumba, mzee wangu." Safari hii hakuwa anaigiza. "Hata kiwe kidogo. Kiwe na ufunguo."

"Chumba kipo kile cha mwisho. Ila kitasa chake kilikufa zamani. Kwani una nini cha kuibiwa?"

Kweli hakuwa na kitu, hata saa. Jioni hiyo alitandika shuka alilolichemsha mwenyewe, akausukuma mlango ukafunga nusu, akasimama kidogo akiutazama. Halafu akavuta kiti, akauzuia nacho. Mji ule umejaa matapeli, na yeye alikuwa anawajua.