Dakika ya Amani na King'ora cha Saa Sita

Jumatatu, 15 Septemba

Mimi nilizaliwa na nyota. Wengine wanahangaika, mimi vitu vinanidondokea. Leo meneja ametangaza kwamba Ijumaa, saa sita kamili mchana, dunia nzima itanyamaza dakika moja kwa ajili ya amani, na kiwanda chetu cha sabuni kitanyamaza nayo. Wawili watasimama jukwaani kuongoza, mmoja wa upakiaji, mmoja wa ghala. Kura ikapigwa. Meneja akatia mkono kwenye kopo la karatasi za majina ya upakiaji, sisi watu arobaini na wawili, akatoka na mimi. Redio. Ndivyo wanavyoniita, hata sijui kwa nini.

Kisha kopo la ghala. Akatoka Kufuli, mtunza ghala. Kaka wa mke wangu! Hatusemezani tangu mwezi wa sita, aliponirudishia ngazi yangu ikiwa haina kipandio cha tatu, akasema aliipokea hivyo hivyo. Nikamwita mwongo mbele ya mama mkwe, nikaiacha ngazi hapo hapo kwa mama mkwe. Mke wangu akafungasha, akahamia kwa mama yake.

Meneja amesema sisi wawili ndio mfano bora wa amani. Nilitabasamu mpaka taya likauma.

Jumanne, 16 Septemba

Mke wangu kapiga simu. Habari zimemfika. Familia zimealikwa, kwa hiyo Ijumaa atakuja kutazama. Nikiweza kusimama dakika moja ubavuni mwa kaka yake bila kufungua mdomo, atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nimemwambia aje na begi kabisa. Dakika moja ni nini? Nilipong'olewa jino nilinyamaza siku nzima, na nilikuwa na mengi ya kusema.

Nimefua mapazia. Nimeficha sufuria iliyoungua.

Jumatano, 17 Septemba

Kikao cha maandalizi. Swali: watu watajuaje kwamba dakika imeanza? Nikasema king'ora, si kipo? King'ora ni changu. Miaka kumi na moja kidole kinachobonyeza ni hiki hiki: saa mbili kazi, saa sita chakula, saa kumi nyumbani. Kikilia, hata paka wa kantini anasimama wima.

Kufuli, bila kunitazama, akasema itumike kengele ndogo ya ghala, king'ora kilie dakika ikishapita. Kwa nini? Ati watu watakimbia. Basi, kaishia hapo. Huyu maneno anayatoa kama mali ya ghala, mpaka usaini kwanza. Wakimbie waende wapi? Wivu tu. Mtu ana funguo sitini kiunoni, bado anautaka na mlio wangu.

Meneja kachagua kengele. Mimi kanituma nipite kila kitengo kuwaeleza watu utaratibu. Kama tarishi! Amani ya dunia nzima inaanzaje kwa kengele ya mbuzi? Nimekasirika, na nimeandika ili ijulikane.

Alhamisi, 18 Septemba

Sikupita kitengo hata kimoja. Nilikuwa na kazi kubwa zaidi. Kufuli alipotoka kupokea magadi, niliingia ghalani nikaing'oa kengele kile kidude cha ndani kinachogonga. Sasa kimo kwenye soksi yangu. Si wizi. Nimekopa, kama yeye alivyokopa kipandio.

Saa tisa akaja mpaka kwenye mashine yangu ya kufunga pakiti. Akasema, "Shemeji, kuhusu ile ngazi." Nikawasha mashine. Inanguruma hiyo, usiombe. Midomo yake ilicheza kitambo, kisha akaenda zake. Alikuja kuulizia kengele, nani hamjui?

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika kwa hasira.

Jukwaa lilikuwa makasha ya sabuni yaliyopangwa kando ya nguzo yenye swichi ya king'ora. Mke wangu mstari wa mbele, begi miguuni. Alikuja nalo kweli. Saa sita ikagonga, Kufuli akainua kengele, akatikisa. Hakuna kitu. Akatikisa tena. Meneja akanitazama mimi. Nami nikanyoosha mkono kwenye nguzo taratibu, kama mkombozi, nikabonyeza.

Watu mia mbili wakageuka kwa pamoja wakakimbilia kantini.

Miaka kumi na moja nimewafundisha mwenyewe kwamba mlio wa saa sita ni chakula. Viti vikaanguka. Mama wa usafi, mwenye goti bovu, alimpita dereva wa lori kwa kiwiko. Nikanyakua kipaza sauti nikawaambia wanyamaze. Hawakunyamaza. Nikawaambia wao ni nzige, na kwamba duniani kote kuna utulivu isipokuwa kwenye foleni yao. Mpishi akanijibu kwamba nishuke, wali unapoa na mimi ndiye ninayepiga kelele.

Nilipogeuka, Kufuli alikuwa amesimama palepale, macho kayafumba, mikono kifuani. Mke wangu vilevile. Walinyamaza dakika yao yote, ndugu hao wawili, katikati ya zogo lile. Kisha mke wangu akafumbua macho, akachukua begi. Niliruka kumfuata. Kile kidude kikatoka kwenye soksi, kikalia sakafuni. Kililia vizuri sana.

Jumapili, 21 Septemba

Nimepewa nafasi ya pili. Sebuleni kwa mama mkwe, mimi na Kufuli kiti kimoja, mama mkwe kashika saa. Dakika moja. Begi liko mlangoni.

Sekunde kumi. Ishirini. Nilikuwa naenda vizuri, Mungu shahidi. Sekunde ya arobaini nikaiona ngazi yangu dirishani, imeegemezwa ukutani, ina kipandio kipya. Cha mbao nyingine. Nikauliza kwa heshima kabisa kwa nini hakikufanana na vingine.

Mama mkwe akaiweka saa mezani. Mke wangu akalirudisha begi chumbani. Kufuli akasema alitaka kuniambia tangu Alhamisi kwamba ni yeye aliyekivunja, aliona aibu, anisamehe. Nami nikasema nini? Nikasema, "Si niliwaambia!" Nikasema mara tatu.

Nimerudi na ngazi begani, peke yangu. Zilibaki sekunde ishirini tu. Mtu gani anamnyima mwenzake mke kwa sekunde ishirini?

Meneja ametuma ujumbe: Ijumaa ijayo tunarudia, viongozi wapya, kura mpya. Nimejitolea kutengeneza karatasi za kura za upakiaji. Nimeshazikata arobaini na mbili, na zote nimeandika Redio, kama nilivyoziandika zile za Jumatatu. Nyota sina. Sijawahi kuwa nayo.