Nilimsema Candia, Darasa Likaniona Mimi

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, hapa hapa chuoni Arua, na nilijipeleka kwa miguu yangu mwenyewe.

Madamu Zaitun, mhadhiri wetu wa saikolojia, alikuwa anafundisha juu ya watu wanaojiona, wale wanaoamini dunia nzima iliumbwa kuwahudumia. Akauliza, "Nani atupe mfano wa mwanafunzi wa namna hiyo? Bila kutaja jina."

Mfano? Mimi nalala naye chumba kimoja! (Candia, kijana kutoka Adumi. Alikuwa amekaa nyuma yangu, hana habari.) Nikainuka kabla sijaitwa, nikaenda kusimama mbele kabisa. (Hakuna aliyeniambia niende mbele.)

"Kuna mtu," nikaanza, "anakuja kazi ya kikundi imeshaisha, halafu anataka yeye ndiye aiwasilishe!"

Darasa likacheka. Nikapata moto.

"Akipewa alama ndogo, mwalimu ana wivu. Akipewa kubwa, ni akili zake!"

Wakapiga meza. Eh! Nikaona leo kipaji changu kimepata wenyewe.

"Anakula muhogo wa mwenzake, halafu analalamika chumvi haikukolea!"

Makofi! Madamu akaweka mkono kifuani.

"Taban, sijawahi kuona mwanafunzi anajichambua hivi mbele ya wenzake. Asante kwa ujasiri."

Kujichambua?

"Hapana, Madamu! Huyo si mimi!"

Darasa zima likaitikia, "Iko wewe!"

Ningenyamaza pale ningetoka shujaa. Lakini mimi tena (mnanijua).

"Nilikuwa namsema Candia!"

Candia akainuka polepole. Hata hakukasirika. Nadhani alinionea huruma, na hilo ndilo linaloniuma.

"Taban, ndugu yangu, ile muhogo ya jana nilipika mimi. Wewe ulikula. Ukasema chumvi iko kidogo."

Ayikoru, kiongozi wa kikundi chetu, naye akadakia, "Na kazi tuliandika sisi. Wewe ulikuwa Koboko kwa arusi!"

Jamani, walicheka mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani. Madamu alikuwa anajifuta macho kwa mtandio.

"Keti, Taban. Mfano umekamilika."

Sasa nimejikalisha nje ya hosteli, naogopa kuingia chumbani. Candia ndiye anayepika.

Tafadhali msinicheke. Lakini mkubali jambo moja: nilieleza vizuri.