Gundi ya Jirani na Kidole cha Kidoti

Jumatatu, 3 Machi

Kidoti kaamka macho mekundu tena. Miezi tisa tu duniani, na anakohoa kama mzee wa kiko! Ni gundi ya fundi makochi, jirani yetu. Ukuta tunaochangia haufiki juu, basi harufu inapita darini kama mwenye nyumba. Baba Kidoti anasema nikaongee naye. Niongee naye! Mtu aliyeniambia mwaka jana nihamishe kamba yangu ya nguo! Tangu siku ile namsalimia kwa kidevu tu.

Lakini Mungu si Athumani. Ofisi ya serikali ninayofanyia kazi ndiyo inayochagua kemikali za kuchunguzwa kama zinaleta saratani. Kemikali ni maelfu, wataalamu hawajai hata basi dogo. Kwa hiyo wametoa fomu: mwananchi yeyote apendekeze. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Na nani anapokea fomu pale masjala? Mimi! Asante Mungu kwa kazi hii. Nilidhani ni ya kubeba mafaili tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimechungulia rundo. Dawa ya mbu: fomu tatu. Rangi ya nywele: tano. Hesabu nyepesi. Wengi wape! Nikileta arobaini, gundi inaongoza.

Nimebeba fomu arobaini na moja. (Ile moja ni ili isionekane nimepanga.) Bi Manukato, katibu muhtasi, kauliza mbona begi langu limenenepa. Nikasema nepi. Mama huyu pua yake haina likizo, ingawa sijui inanusa vipi chochote ndani ya lile wingu lake la marashi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kazi. Mkono wa kulia nimewaandikia mashangazi, wa kushoto mawifi. Walipoisha walio hai, nikageukia marehemu. Babu mzaa baba ana mwandiko mzuri kuliko alipokuwa duniani.

Kidoti kakaa mapajani anachezea pedi ya wino wa muhuri. Saa mbili nzima, kimya! Sijawahi kumwona ametulia hivyo. Mtoto mwema.

Mama mkwe kauliza naandika nini. Nikamwambia nalitumikia taifa. Akasema taifa linanuka gundi, akanitengenezea chai, akafua nepi zote bila kuombwa. Wengine wanalia na mama wakwe. Mimi wangu nimepewa na Mungu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu! Aibu yenye miguu!

Nimezichanganya fomu ndani ya rundo asubuhi. Kufika saa nne, Bi Manukato kanisimamia mezani nazo mkononi. Kila moja, pembeni chini, ina alama ya buluu ya kidole kidogo kama punje ya harage. Fomu arobaini na moja, kidole kimoja. Akauliza kama ukoo wetu wote una vidole hivyo, hadi babu.

Nikaona kazi imekwenda, na maziwa ya Kidoti nayo. Bi Manukato akafunga mlango. Akasema yeye hajaona kitu, ila Daktari lazima azione, na ni heri nizipeleke mwenyewe kabla hazijajipeleka. Nikamshukuru mpaka akaniambia inatosha, namlowesha bega.

Daktari ndiye mkuu wa kamati ya kuchagua. Kasoma tatu, kavua miwani. Akasema hata ningeleta elfu moja, hapa hawahesabu fomu, wanahesabu pua. Watu wangapi wanaivuta kila siku? Kuna dalili gani, kwa wanyama wa maabara au kwa wafanyakazi waliougua, kwamba ina madhara? Tafiti zipo za kutosha kuipima? Fomu moja yenye majibu hayo inaziangusha zangu zote. Na kuchaguliwa si kuhukumiwa. Kemikali inawekwa tu kwenye mizani, na mizani huchukua miaka.

Nikamwambia mwanangu hana miaka ya kungoja. Machozi yakanitoka, nikakasirika kwamba yamenitoka. Akaniuliza pole pole: sasa mama, jirani umeshamwambia?

Nikasema huwa namsalimia kwa kidevu. Akazichana zote, akanipa fomu moja nyeupe. Barua ya onyo hakuandika. Asante, Daktari.

Jumanne, 11 Machi

Nimeomba ruhusa, nikambeba Kidoti, nikaenda kwa fundi. Si kuongea naye. Kuhesabu pua! Saba, pamoja na yake.

Akasema kila adhuhuri kichwa kinamgonga, alidhani ni shemeji zake. Tukasoma kopo pamoja, nikanakili jina la ile dawa ya kuyeyushia gundi, herufi kwa herufi. Kidoti akamkoholea usoni. Fundi akaweka kopo chini. Kisha akauliza kwa nini sikumwambia miezi yote hii. Nikamwuliza kamba yangu ilimkosea nini. Akasema ilikuwa inaziba kibao chake cha duka, basi. Na tangu hapo anaogopa kidevu changu.

Kabla ya saa tisa kazi ya gundi imehamia uani, upande wa mbali. Kabla ya saa kumi kapanda ngazi mwenyewe, kaziba dari kwa mbao. Hakutaka malipo. Nimehamisha kamba, na ile fomu nyeupe nimeijaza.

Ijumaa, 21 Machi

Kidoti analala mchana kutwa, macho meupe kama maziwa. Mama mkwe anamwamsha ili ahakikishe yu hai.

Na fomu yangu imepita chujio la kwanza! Karakana ni nyingi, dalili kwa wanyama zipo, tafiti zipo. Dawa ile itachunguzwa. Bi Manukato ndiye aliyekuja mbio kuniambia, viatu mkononi. Mama yule! Angetaka, leo ningekuwa nyumbani sina kazi.

Nimejifunza. Jambo la kweli likisemwa mara moja, linatosha.

Leo wametundika kisanduku ukutani: pendekeza mfanyakazi bora wa mwaka. Bi Manukato ana miaka kumi na minne pale na hajashinda hata siku moja. Haiwezekani! Nimebeba karatasi sitini. Babu mzaa baba atamsifia sana.

Kesho naanza. Kidoti nitamvisha soksi mikononi.