Ufito wa Kunifikisha Lamu

Jumatatu, 7 Machi 1966. Garissa.
Bwana Harding, mhandisi wa visima, anahamia Lamu Jumapili. Atachukua karani mmoja. Atakayebaki atakwenda Habaswein na msafara wa jeshi, awe mkalimani. Habaswein! Barabara yote imetegwa mabomu ya kufukiwa ardhini. Wiki iliyopita lori lilirushwa juu, dereva akazikwa siku hiyohiyo. Na makarani ni wawili tu: mimi na Awil.

Bwana akasema anataka mwenzake wa kuvua samaki aitwaye kolekole kwa ufito huko Lamu. Awil, mjinga, akasema ukweli: kwao ni ngamia, samaki hajawahi hata kumgusa. Mimi nikasema nimevua baharini tangu utotoni. Sijawahi kuiona bahari. Bwana nusura anikumbatie. Amenipa ufito wake nijinoe, nimwonyeshe Ijumaa.

Jumanne, 8 Machi
Vifaa: ufito mwembamba wa kuunganishwa, gurudumu la kukunjia mshipi, na ndoana zilizovishwa manyoya ya jogoo ili samaki adhani ni dagaa. Kumbe samaki ni wapumbavu! Maagizo ya Bwana: rusha mshipi nyuma, ngoja unyooke, ndipo uusukume mbele. Ngoja! Nani ana moyo wa kungoja siku hizi?

Nikarusha uani. Nikanasa shashi, kitambaa cha Hooyo, mama yangu, kichwani mwake. Akaniuliza, wallahi, kama nimeanza kula samaki, maana kwetu anayekula samaki ni mtu aliyeishiwa mifugo. Nikamwambia ni kazi ya serikali. Akasema jirani yetu Faduma akijua, yeye Hooyo hatakuwa na pa kuweka uso.

Jumatano, 9 Machi
Askari! Mtu amewaambia nina eriali ya redio, naongea na mashifta, wale waasi wanaotega mabomu. Koplo akataka aone kifaa kinafanya nini. Nikarusha. Ndoana ikaondoka na kofia yake. Wenzake walicheka mpaka wakasahau kunikamata.

Ni Awil aliyenichongea. Sina ushahidi, lakini nina hakika.

Alhamisi, 10 Machi
Nimepata wazo! Bwana alinionya jambo fulani kuhusu chumvi. Sikusikia vizuri, nilikuwa nawaza mabomu. Lakini chumvi tunaijua sisi. Ngamia asiyepelekwa kwenye udongo wa chumvi hana nguvu. Sembuse kifaa cha baharini? Nimelitia gurudumu kwenye debe la maji na udongo wa chumvi aliouleta mjomba Kerrow kutoka Wajir. Linywe, lizoee.

Awil alipita, akauliza kuna nini ndani ya debe. Nikalifunika. Angeniibia ujuzi.

Ijumaa, 11 Machi
Aibu. Baada ya sala tulikwenda mtoni, Bwana, Awil na mimi. Gurudumu likagoma. Mchanga na kutu vimelishika, halizunguki. Nikavuta kwa nguvu, mshipi ukakatika, ndoana ikaning'inia sikioni mwangu.

Bwana hakufoka. Akasema taratibu kwamba alinionya: vifaa vya baharini huoshwa kwa maji matamu, adui yao ni chumvi. Kisha akampa Awil ufito wa akiba ajaribu. Awil akarusha nyuma, akangoja. Ana nafasi ya kungoja, yeye haogopi kitu! Mshipi ukanyooka, ukaenda. Awil ndiye wa Lamu.

Nimefika nyumbani nikalia. Sitaki kufa.

Jumamosi, 12 Machi
Kambini. Msafara unaondoka kesho. Kapteni anayeuongoza akauliza nani kati yetu raia anajua kusoma nyayo na udongo uliofukuliwa. Nikawaza upesi: mtu wa thamani hivyo lazima akae nyuma na Kapteni, ndani ya gari la chuma. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikamwambia sisi wafugaji tunausoma mchanga kama msahafu. Mimi nimelelewa dukani, sijachunga hata mbuzi.

Kapteni akafurahi, akanipiga bega. Ndipo akanieleza kazi yenyewe: kutembea kwa miguu mbele ya lori la kwanza.

Nimewauliza askari udongo uliofukuliwa unafananaje. Wamedhani natania, wakacheka sana. Nami nikacheka nao.