Upasuaji wa Puani kwa Wasiopanga Foleni

Mtu aliyejiita Profesa hakuwahi kumaliza shule yoyote, lakini koti lake jeupe lilinyooshwa kwa nidhamu ambayo madaktari wenyewe wangeionea wivu. Alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali akiwinda, mara tajiri mmoja wa mbao akatoka chumbani kwa daktari. Akagonga fremu ya mlango kwa bega la kulia, kisha akamkanyaga mgonjwa aliyeketi kushoto. Aliona mbele tu. Pembeni kote kwake kulikuwa giza.

"Uvimbe uko chini ya ubongo, unabana mishipa ya macho," mkewe alimbembeleza. "Watautoa kupitia puani kwa kamera, bila kupasua fuvu. Subiri zamu yako wiki ijayo, baba watoto, usije ukapofuka."

"Mimi? Nipange foleni na makuli wangu mwenyewe?"

Profesa hakuhitaji kusikia zaidi. Kiburi cha namna hiyo ni mlango ulioachwa wazi.

"Shikamoo, mzee. Foleni ile ni ya umma. Sisi wasaidizi wa daktari mkuu tuna chumba cha waheshimiwa. Njoo kesho na dhamana ya kamera, kitu cha dhahabu. Kamera ikitoka puani salama, unarudishiwa chako."

Mke akaguna. Tajiri akamnyamazisha.

Kesho yake alifika peke yake kwenye chumba nyuma ya duka la dawa, akiwa na kisanduku cha vito vya mkewe. Profesa alikiweka mezani, upande wa kulia wa mgonjwa, akaamuru kwa sauti ya kitabibu: "Kwanza macho. Tazama tai yangu. Usigeuze shingo, uvimbe utahama."

Shemeji yake Profesa, mshirika wake wa miaka mingi, aliingia pekupeku, akakibeba kisanduku karibu kabisa na sikio la tajiri, akatoka. Walikuwa wamekubaliana shemeji amsubiri Profesa uchochoroni. Profesa aliisikia pikipiki ikiwashwa. Kisha akaisikia ikienda zake.

"Wee shemeji! Mwizi wee!"

Tajiri akapapasa meza, akakuta mbao tupu, akaikamata ile tai.

Kituoni, askari aliuliza wezi walikuwa wangapi.

"Wawili, afande!" Profesa alilia. "Aliyebeba ni shemeji yangu! Mfuateni, hajafika mbali!"

"Mmoja," alisema tajiri. "Tulikuwa mimi na huyu tu."

"Mzee, wewe huoni pembeni! Mwambie afande unaumwa!"

"Baba watoto," mkewe alinong'ona, "kama huoni, sema. Dhahabu yangu inakwenda."

Tajiri akakunja uso mbele ya askari wote. "Mimi ninaona kila kitu."

Basi akafungwa mmoja, na dhahabu ikavuka mji bila wa kuifuata. Wiki iliyofuata tajiri alipanga foleni, nyuma ya kuli wake. Uvimbe ulitolewa puani, na macho yakapona. Kitu cha kwanza alichokiona pembeni ya kitanda ni mkewe, shingo tupu, akimkodolea macho bila kupepesa.