Taa Nyekundu ya Boti la Kianda

Jumatatu, 12 Mei
Boti limefika! Limetoka bwawani, upande wa Nyayo Highrise, juu ya mkokoteni, wanaume sita wakisukuma, Kianda nzima imetoka kutazama. Litakuwa duka langu la kinyozi. Nani Kibera hii amewahi kunyolewa ndani ya boti? Hakuna! Mama Magdaline, mwenye ploti, hajafurahi. Amesema kama Jumamosi saa sita mchana hakuna kichwa kilichonyolewa, boti litapasuliwa kuni, pale aweke tangi la maji. Nimecheka. Nina siku tano!

Nimevuta stima. Plagi ina miguu miwili, soketi ina matundu matatu, basi nimechomeka kalamu tundu la juu ili plagi iingie, kama kila mtu hapa. Kitaa chekundu cha ukutani mwa boti kikawaka papo hapo. Stima imeingia. Safi!

Jumanne, 13 Mei
Murunga, fundi wa stima, amechungulia dirishani bila kuitwa. Eti kitaa kile ni onyo. Eti plagi imeingia kinyume, waya wa moto umekaa pa waya baridi, na hata nikizima swichi moto unabaki ndani. Nani alimuuliza? Huyu ndiye aliyeninyang'anya uongozi wa kwaya. Nimemwambia aende akaimbe.

Alhamisi, 15 Mei
Wateja watatu wameona taa nyekundu, wakarudi nyuma. Nimeibandika plasta. Mwanga unapenya! Nikazima swichi ili niing'oe. Stima imenirusha hadi kwenye kioo. Mkono wa kulia haushiki kitu, naandika kwa kushoto. Mke wangu Nereah amesema nimwite Murunga. Nimesema heri nife. Amesema ndiko ninakoelekea.

Ijumaa, 16 Mei
Sijala. Mama Magdaline amekuja na shoka, eti anapima boti tu. Mzee Okello, fundi viatu, amenihurumia: atakuja kesho saa tano anyolewe. Kichwa kimoja tu. Mungu wangu, kichwa kimoja!

Jumamosi, 17 Mei
Saa nne, Nereah amemleta Murunga bila kuniuliza. Jamaa hakufungua hata boksi la vifaa. Amechomoa plagi, akaigeuza juu chini, akairudisha. Taa ikazima. Basi! Akasema nisiiguse tena, anaenda kutafuta plagi ya miguu mitatu.

Saa tano Mzee Okello akaketi. Nikanyoa upande wa kushoto, vizuri kabisa. Halafu nikaitazama ile taa. Imezima. Siku tano imewaka, leo Murunga anashika kidogo, imekufa! Ameniharibia stima, nikasema. Mzee akasema mashine si inanguruma? Sikumsikiliza. Nikachomoa plagi, nikaigeuza. Taa ikawaka! Nikapiga makofi.

Mama Magdaline alikuwa mlangoni. Murunga alishamweleza maana ya nyekundu. Amemvuta mzee kwa mkono, nusu kichwa kama alivyo, hadi kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Saa sita shoka likaanza. Nimelia mbele ya watu, sifichi.

Jumapili, 18 Mei
Boti ni kuni. Mzee Okello amekuja kanisani na kofia, hanisalimii. Nereah haongei. Lakini nimejifunza kitu: kosa lilikuwa kumruhusu Murunga kugusa.

Baada ya ibada nimesikia kuna mtu Riruta anauza lori kuukuu lisilo na injini. Saluni ndani ya lori! Nimepita kuliona. Ukigeuza ufunguo, taa saba nyekundu zinawaka kwa mpigo. Hilo ni zima kabisa.